Uso Mpya wa Punda wa Isakari

Wanangu mnaokaa chini ya dirisha la tisa,

Jumapili moja baada ya ibada, Wambui alinifuata na kikombe cha chai mkononi, akanyoosha kidole juu. "Babu," akasema, "mbona huyu punda anakaa kama anajua kitu?"

Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba punda wote wanajua kitu, ila hawasemi. Lilikuwa jibu la kukwepa. Nimelikwepa swali hilo tangu madirisha yale yarudishwe kanisani kwetu Richfield, na sasa nimestaafu, sina tena kisingizio cha kuwahi kazini. Naandika kwa Kiswahili, ambacho mnakielewa kuliko mnavyokiri. Kwa Kiingereza ningepata mahali pa kujificha.

Kwanza Isakari mwenyewe, maana hata walimu wenu wa shule ya Jumapili humruka. Alikuwa mtoto wa tisa wa Yakobo, na wa tano kwa Lea. Kuzaliwa kwake kulianzia kwenye matunda ya tunguja ambayo Reubeni, kaka yake, aliyaokota shambani wakati wa mavuno ya ngano. Raheli aliyataka, Lea akakubali kumwachia kwa makubaliano fulani kuhusu mume wao, na hayo mengine mtasoma wenyewe mkikua. Mtoto alipozaliwa akapewa jina ambalo ndani yake unasikia neno ujira. Yaani mtu ameitwa Mshahara maisha yake yote.

Yakobo alipokaribia kufa aliwaita wanawe, akampa kila mmoja neno lake. Yuda akawa simba. Naftali akawa paa aliyefunguliwa. Isakari akaambiwa ni punda mwenye nguvu aliyejilaza katikati ya mazizi; akaona pumziko ni jema na nchi inapendeza, akainamisha bega lake abebe mzigo. Watu wanabishana mpaka leo kama ile ilikuwa sifa au tusi. Kabila lake lilipata bonde zuri lenye udongo mnene, likalima. Debora alipowaita watu vitani, Isakari walikwenda. Walitoa mwamuzi mmoja, Tola, aliyewaamua watu zaidi ya miaka ishirini bila kuacha hata kisa kimoja cha kusimuliwa. Na siku makabila yalipokusanyika kumfanya Daudi mfalme, wengine walihesabiwa kwa ngao na mikuki, lakini wana wa Isakari wakatajwa kwa jambo jingine: walijua majira, walijua kitu gani kifanywe na kifanywe lini. Ndiyo maana msanii aliyetengeneza dirisha letu zamani aliweka jua na mwezi juu ya punda yule.

Mimi nilikulia Mbulu, nyumba yenye punda wanne. Nilijua sikio la punda kabla sijajua herufi. Nilikuja Minnesota kusoma uhandisi, nikaacha chuo kwa sababu zisizo na heshima yoyote, nikawa nazunguka Saint Paul nikitafuta kibarua. Kwenye mlango wa karakana moja kule Frogtown, kando ya University Avenue, kabla reli haijajengwa pale, kulikuwa na karatasi: anatakiwa mtu asiyeogopa ngazi. Mwenye karakana aliitwa Walter. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mabega mapana, miwani mbili, moja puani na moja juu ya paji la uso. Aliniuliza jina.

"Yohana Safari."

"Safari? Unanitania."

Nikamweleza kwamba kwetu ni jina la mtu, hupewa mtoto aliyezaliwa mama yake akiwa njiani.

"Basi umefika," akasema, akanirushia aproni.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi, mengi ya makanisa. Siku ya kwanza niliweka chapati yangu juu ya meza ya kazi. Walter aliishika kwa vidole viwili akaipeleka kwenye pipa la taka, kisha akanipeleka mimi kwenye sinki. Vipande vya kioo huunganishwa kwa ukanda wa risasi, na vumbi la risasi ni sumu inayoingia polepole. Nilimweleza kwamba kwa Kiswahili risasi ya dirishani na risasi ya bunduki ni neno moja. Alifurahi mno. Tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia aliambiwa hivyo, na kila mteja alilazimika kunitazama nithibitishe.

Alinifundisha kwamba kioo hakikatwi. Unachora mstari mmoja kwa kigurudumu kilichochovywa mafuta ya taa, unasikiliza sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, halafu unakigonga kwa chini nacho kinaachana chenyewe. Ukirudia mstari mara ya pili umeharibu vyote viwili, kioo na kigurudumu. Alinifundisha kwamba dirisha la zamani halifunguliwi mpaka umelilaza chini, ukaweka karatasi juu yake na kuipaka mkaa, ili kila mshono ujichore. Na juu ya yote alinifundisha kwamba kipande chenye mchoro hubebwa kwa mikono miwili, kikiwa kimesimama, hata kama unakisogeza hatua moja. "Mkono mmoja ni wa kahawa," alikuwa akisema.

Mimi nilimwita Mzee. Huku watu huitana majina yao hata mjukuu na babu, lakini ulimi wangu ulikataa kumwita Walter hivi hivi. Nilipomweleza maana ya neno, akasema hilo atalichukua.

Sasa nifike kwenye dirisha letu. Ushirika wetu, Watanzania na Wakenya, ulilipata jengo lile la Richfield kutoka kwa ushirika wa Wamarekani wazee waliokuwa wamebaki wachache. Jengo lilikuja na madirisha kumi na mawili ya wana wa Yakobo, yaliyohamishwa miaka mingi nyuma kutoka kanisa lililobomolewa. Risasi ilikuwa imechoka, vioo vimetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mchungaji aliniuliza kama karakana yetu ingeweza kuyatengeneza. Nilimleta Walter. Alitembea kutoka Reubeni mpaka Benyamini, akarudi akasimama mbele ya Isakari.

"Aliyechora huyu alikuwa na punda," akasema.

"Kweli," nikasema. "Tazama masikio. Moja linasikiliza, jingine limelala."

Walter akanigeukia. "Wewe ndiye utakayenisaidia na huyu."

Mpaka wakati ule sikuwa nimeruhusiwa kugusa kioo chenye mchoro. Wiki ile nilitembea kama mtu aliyepandishwa cheo na mfalme.

Lazima niwaeleze kuhusu mkono wa Walter, maana kisa chote kiko hapo. Tangu majira ya baridi yaliyotangulia, mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Lakini ulitetemeka ukiwa umepumzika, juu ya goti au pembeni ya kikombe. Akishika brashi, ulitulia. Nimeuona ukivuta unywele wa malaika ambao mimi nisingethubutu kuuchora. Binti yake Karin, aliyekuwa akishika simu na makaratasi ya karakana, hakuona brashi. Aliona goti na kikombe. Alikuwa akimwomba aache kazi, naye alikuwa akijibu, "Siku utakayoniona nimevunja kitu kwa mkono huu, nitaacha."

Alilisema mbele yangu. Nililisikia kwa masikio haya.

Tulilifungua dirisha la Isakari mwezi wa nne. Uso wa punda ulikuwa kipande kimoja, mkubwa kama kiganja, wa rangi ya kijivu cha joto, na mistari iliyochomwa ndani ya kioo karibu miaka mia. Alasiri moja Walter alitoka kwenda kupima mlango wa mtu. Mimi nilikuwa na kibarua cha pili, kutunza wazee kwenye nyumba moja, na basi langu, namba kumi na sita, lilikuwa linapita saa tisa kasoro. Nilitaka kupanga meza kabla sijaondoka. Nikauchukua uso wa punda kwa mkono mmoja.

Sina la kuongeza hapo. Mkono mwingine ulikuwa umeshika ufagio. Kioo kiligonga ukingo wa meza, kwa sauti ndogo, sauti ya kijiko kwenye kikombe, kikapasuka vipande vitatu.

Nilisimama. Sikuogopa kufukuzwa, Walter hakuwa mtu wa kufukuza. Nilichoogopa ni uso wake, jinsi ambavyo ungebadilika akinitazama. Nikavilaza vile vipande vitatu kwenye ubao wa Walter uliotandikwa sufi, nikavisogeza vikakutana vizuri kiasi kwamba ufa haukuonekana, nikavifunika kwa kitambaa. Nilijiambia nitamwambia kesho, nikiwa nimepata maneno. Nikakimbilia basi. Nililiwahi.

Asubuhi nilifika naye ameshavaa aproni. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nilikuwa nimeyapanga njia nzima kwa Kiingereza kizuri. Karin alikuwa mlangoni mwa ofisi akimwambia jambo. Walter akiwa anamsikiliza alifunua kitambaa na kuinua uso wa punda, kwa mikono miwili, kama alivyonifundisha. Kipande cha juu kikabaki mkononi. Viwili vikaanguka sakafuni, vikawa unga.

Walter aliutazama mkono wake wa kulia kama unavyomtazama mbwa wako mwenyewe aliyekung'ata.

"Safari," akasema, "jana ulipofunga, huyu alikuwa mzima?"

Wanangu, swali lile lilikuwa mlango uliofunguliwa wote. Hata mtoto angepita. Maneno yangu yalikuwa tayari. Karin alikuwa anatazama. Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Alikuwa mzima."

Akavua aproni. Aliikunja mara mbili, akaiweka mezani. "Sawa, Karin," akasema. "Umeshinda."

Karin alimkumbatia. Mimi nilikwenda kuchukua ufagio.

Uso mnaouona leo niliuchora mimi. Walter alikuja siku tisa zaidi kunisimamia, akiwa ameketi kwenye stuli na mikono chini ya mapaja. Rangi ya kioo si rangi ya ukutani. Ni unga wa kioo na chuma unaosagwa kwa siki na gundi kidogo. Unachora mistari kwanza, unachoma kwenye tanuri. Unapaka kivuli, unakipiga kwa brashi pana ya manyoya mpaka kinakuwa kama ukungu, halafu unakikwangua kwa kijiti pale unapotaka mwanga, unachoma tena. Mara mbili za kwanza niliharibu. "Usimchore punda," alisema Walter. "Mchore wa kwenu." Nikamchora jike mmoja wa nyumbani Mbulu, aliyekuwa na tabia ya kukutazama ukimwibia mtama. Uso ulipotoka kwenye tanuri mara ya tatu, Walter aliushika kwenye mwanga muda mrefu.

"Ni mzuri," akasema. "Mimi nisingeweza kuufanya hivi tena."

Angeweza. Ningeweza kumwambia dakika ile. Badala yake nilisema asante.

Madirisha yakarudi, ushirika ukaimba, mchungaji akamwita Walter mbele akapigiwa makofi. Kisha akakaa nyumbani kwake Golden Valley, na mimi nikawa fundi wa meza yake. Karin aliniongezea mshahara. Miaka miwili ilipita hivyo. Nilikuwa nikimtembelea kila Krismasi na maandazi, naye alikuwa akiniuliza habari za kazi, huku mkono unatetemeka juu ya goti, nami nikitazama televisheni.

Kilichonivunja kilikuwa somo la Jumapili. Mchungaji alisoma habari za wale wana wa Isakari waliojua majira. Akatuambia kwamba kujua jambo la kufanya si kazi ngumu, karibu kila mtu analijua. Ugumu uko kwenye kulifanya katika siku yake, maana jambo hilohilo likifanywa baada ya siku yake linakuwa jambo jingine. Akanyoosha mkono kuelekea dirishani. Kanisa zima likageuka kumtazama yule punda wangu. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Jumamosi iliyofuata niliendesha mpaka Golden Valley. Nilimkuta kwenye kibaraza cha vioo, blanketi magotini. Sikukaa.

"Mzee," nikasema, "uso wa punda niliuvunja mimi. Mchana wa siku iliyotangulia. Ulipouinua ulikuwa umeshavunjika."

Alitazama gari moja likipita barabarani na jingine likifuata.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Ukasema alikuwa mzima."

"Ndiyo."

Akautoa mkono wake chini ya blanketi, akauweka juu, tukautazama wote wawili ukitetemeka. Wakati huo ulikuwa umeharibika kweli; ulitetemeka hata ukishika kitu.

"Ulikuwa bado mkono mzuri," akasema. "Nilikuwa bado na miaka miwili ya kazi. Labda mitatu."

"Ndiyo, Mzee."

"Usiniite hivyo."

Akaniomba niondoke, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuomba ufunge mlango kwa sababu ya baridi. Nikaondoka.

Nilirudi mara tatu. Kila mara Karin alifungua na kuniambia baba amelala, na uso wake mwenyewe ulikuwa wa kirafiki, nikafikiri labda ameshaambiwa, na ananionea huruma. Mara ya nne Walter alikubali nimwone. Hatukumtaja punda. Aliniuliza tunatumia nini siku hizi kuziba mianya ya risasi, nikamwambia, akasema hiyo haitadumu miaka thelathini. Tuliongea dakika kumi hivi. Nilipoaga hakunipa mkono. Mpaka leo sijui ilikuwa hasira au kwa sababu mkono haukuwa unamtii tena, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimepoteza haki ya kuuliza.

Alifariki mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala kandokando ya barabara. Kwenye ibada ya maziko nilikaa kiti cha katikati. Karin alisimama kumzungumzia baba yake, karatasi mkononi. Alisema baba yake alikuwa mtu wa neno lake. Alisema aliwahi kuahidi kwamba siku atakayovunja kitu kwa mkono ule mgonjwa ataacha kazi aliyoipenda kuliko chakula, na kwamba siku hiyo ilipofika, mbele ya macho yake, alivua aproni bila kulalamika. "Alivunja uso wa punda wa miaka mia," alisema, "na hakumlaumu mtu, wala meza, wala Mungu." Watu wakatabasamu huku wanafuta macho.

Ndipo nikaelewa. Walter hakuwa amemwambia binti yake. Miezi yote ile alijua, binti yake akiingia na kutoka chumbani mwake kila siku, akiamini anamfahamu baba yake, na yeye akaubeba uvunjaji wangu mpaka kaburini kama wake. Kama ni huruma, ilinichoma. Kama alinidharau kiasi cha kutotaka hata kunitaja, nilistahili. Nilikuwa na nafasi ya kusimama pale pale. Sikusimama. Nawaambia ukweli, hata siku ile sikusimama.

Baada ya maziko watu walishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kwenye kahawa na mikate yenye nyama. Nilimngoja Karin mpaka foleni ya kumpa pole ilipokwisha. Nikamwambia mahali alipokuwa amesimama, kando ya birika kubwa la kahawa, kwa sentensi nne, kwa sababu nilijua nikiongeza ya tano ingekuwa ya kujitetea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Nilifurahi," akasema taratibu. "Unajua? Asubuhi ile, kioo kilipoanguka, nilifurahi. Nilikuwa nimemwomba aache tangu mkono ulipoanza kutetemeka. Nilimkumbatia nikiwa nimefurahi, na yeye alikuwa analia. Wiki nzima alikuwa analia kule nyumbani. Nilimwambia ni mkono tu, baba."

Nikampisha mtu aliyekuja kuchukua kahawa.

"Ungesema siku ile," akasema, "angeendelea?"

"Angeendelea."

"Mpaka lini?"

"Kama yeye mwenyewe alivyosema. Miaka miwili. Labda mitatu."

Akavuta viti viwili. Akakaa, akanionyesha kile kingine. Nilidhani sasa ndipo atakaponiambia linalonistahili.

"Kazi gani ziliingia miaka hiyo?" akauliza. "Makaratasi nilikuwa nayashika mimi, lakini sikuwahi kuyatazama madirisha. Nitajie."

Nikaanza kumtajia. Lile la kanisa dogo la shambani, lenye mvinyo na ngano, ambalo nililifanya vizuri. Yale mawili ya maktaba ya shule. La mama aliyefiwa na watoto pacha, aliyetaka ndege wawili, na mimi nikamshawishi achukue maua kwa sababu ndege sikuwaweza. Walter angewachora kabla ya chakula cha mchana. Watu wakawa wanakunja meza na viti kutuzunguka, na Karin hakuondoka, kila nikinyamaza alisema, "Na lingine?" Nikafika kwenye la mwisho, lile la hospitali, mto na anga yake ya jioni. Nikamwambia anga ile ilitaka bluu ambayo baba yake peke yake alijua jinsi ya kuitia kivuli bila kuizima, na kwamba nilijaribu mara saba, nikaweka ya nane kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, na wagonjwa wanaitazama mpaka leo wakidhani ndivyo ilivyokusudiwa iwe.